Gari Lililotekenya Wachimbaji

Sogeeni, jamaa zangu wa Shinyanga na Geita, nanyi mlioko mbali mnaoyasoma haya. Kama ungepita machimbo ya Isungabula wakati jua linaanza kupoa, ungeliona gari refu jeupe limeegeshwa kando ya banda la karasha, yaani mashine ya kusagia mawe ya dhahabu. Mlango wake wa ubavuni uko wazi. Ndani kuna kitanda kilichotandikwa, jiko la gesi na jokofu lililojaa soda. Nje, chini ya turubai, Sesilia anasukuma chapati, na binti yake Noela, mtoto wa miaka sita, amekaa mlangoni anachezesha miguu na kuuliza maswali. Wachimbaji wametoka kwenye maduara, yale mashimo yao marefu, vumbi limewajaa mpaka kwenye kope, wanakunywa soda baridi huku simu zao zikichajiwa. Ungepita hapo ungesema, hawa watu Mungu amewakumbuka.

Na aliwakumbuka kweli. Sema sisi binadamu tukikumbukwa huwa tunajisahau.

Gari lile watu walilibatiza Kobe, kwa kuwa lilitembea na nyumba yake. Masele, mume wa Sesilia, alilipata Kagongwa kwa wazungu wawili, mtu na mkewe, waliokuwa wanazunguka nalo Afrika nzima. Giaboksi iliwafia pale, wakachoka, wakaamua kuliuza. Masele alikuwa mfugaji wa Samuye na mchuuzi wa ng'ombe minadani. Aliuza sehemu kubwa ya zizi lake, akalinunua, akalitengeneza, akahamia machimboni na familia yake.

Siku ya kukabidhiwa, yule mzungu mwenye ndevu alimwonyesha Masele jambo moja kwa kulirudiarudia. Ubavuni mwa gari kulikuwa na meno matatu ya chuma ndani ya kikombe chenye kifuniko. Umeme uliingia kwa waya mnene wa rangi ya chungwa wenye kichwa cha plastiki cha bluu, kinene kama gunzi la muhindi, chenye matundu matatu ya kumeza yale meno. Mzungu alisema, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza: zima kwanza umeme kule unakotoka. Bonyeza kifuniko. Shika kichwa, si waya. Vuta taratibu. Safisha vumbi kwa brashi kavu.

"Kwa nini tusishike waya?" Sesilia akauliza.

"Kwa nini tuzime kwanza?" akaongeza kabla hajajibiwa.

Masele alikohoa kwa aibu. "Mama Noela, tumekuja kununua gari, hatujaja kufanya mtihani." Akamgeukia mzungu, akatabasamu. "Naelewa, naelewa."

Neno "naelewa", jamaa zangu! Limezika wengi kuliko malaria, maana anayelisema mapema hafundishwi tena.

Sesilia alikuwa na jina la utani tangu usichana wake: Mama Kwanini. Alipewa na shangazi zake kabla hata hajawa mama wa mtu. Kuku akitaga nje ya kiota, yeye atataka kujua sababu. Masele alimpenda kwa yote, ila kwa hilo alikuwa anasaga meno. Noela naye alirithi. Na hapa nataka mshike jambo moja, mlitunze: Sesilia hakuwahi kumwambia mtoto "nyamaza". Akiwa na unga mikononi, akiwa na wateja, atasema "nitakwambia, ngoja nigeuze chapati", na akishageuza anamwambia kweli.

Basi pale Isungabula Kobe aliunganishwa kwenye umeme wa karasha. Kila asubuhi Masele alikichomoa kichwa cha bluu ili aende kuchota maji na kununua vinywaji senta, kule kwenye maduka. Akirudi, anakichomeka. Vumbi la karasha si vumbi la kawaida, ni unga wa jiwe. Liliingia kwenye matundu, likaingia kwenye meno, na haikupita muda kichwa kikawa kigumu, hakiingii wala hakitoki.

Mtu mwingine angechukua brashi. Masele akachukua kamba.

Msimcheke bado. Masele huko Samuye alikuwa bingwa wa kuzalisha ng'ombe. Ndama akikwama, Masele huitwa: anapaka samli, anafunga kamba, anakanyaga kwa mguu mmoja, anavuta kwa pumzi moja, na ndama hutoka. Mikono yake ilikuwa imeokoa ndama kuliko alivyoweza kukumbuka. Sasa mkono uliozoea kazi moja huona kila kazi ni ileile. Akapaka samli kwenye meno ya umeme. Akafunga kitanzi kwenye waya, nyuma ya kichwa cha bluu. Akaweka mguu ubavuni mwa Kobe, akavuta. Pwaa! Kikatoka.

"Umeona?" akamwambia mkewe, jasho likimtiririka. "Ng'ombe ni ng'ombe."

"Lakini huyu si ng'ombe," Sesilia akasema. "Na samli si itashika vumbi zaidi?"

"Mama Noela, maswali yako yatanizeesha."

Ikashika vumbi zaidi, bila shaka. Samli na unga wa jiwe vikawa udongo wa kufinyangia. Kadiri kilivyozidi kuwa kigumu, ndivyo kamba ilivyozidi kuvutwa, na kukichomeka kukawa kwa kugonga na kipande cha gogo. Ndani ya kile kichwa, mahali ambapo hakuna aliyepaona, skrubu moja ilianza kulegea.

Kisha Kobe akaanza kutekenya.

Wa kwanza kutekenywa alikuwa kijana mchimbaji aitwaye Mwigulu, mcheshi, mpenda chapati za moto, anayeingia duarani peku kwa sababu alisema viatu vinamnyima kuisikia ardhi. Asubuhi moja aliegemea mlango wa Kobe akisubiri chai, akaruka.

"Mayo! Gari limenifinya!"

Watu wakacheka. Akagusa tena kwa ncha ya kidole, akasikia kitu kinatambaa mkononi kama sisimizi. Akaenda kazini. Na mchana wa siku hiyohiyo, mchezo wa dunia, Mwigulu na wenzake wakakutana na mwamba wenye dhahabu waliokuwa wanautafuta tangu masika.

Hapo mwanzo wa uvumi ukawa umepatikana. Machimboni mtu hawezi kuokota dhahabu halafu ikawa ni bahati tu, lazima kuna kitu. Jioni habari ilikuwa imezunguka kambi nzima: gari la Masele lina dawa ya mvuto, ile Wasukuma tunayoiita samba, ya kuwavutia watu ngomani. Kesho yake asubuhi wakaja sita. Kesho kutwa hawakuhesabika. Wanavua viatu, maana ilijulikana upesi kwamba mwenye viatu hapati kitu, wanaweka viganja ubavuni mwa Kobe, wanatekenywa, wanacheka, wananunua chapati, wanaingia shimoni na moyo mkubwa.

Masele hakusema gari lina dawa. Hakusema pia kwamba halina. Wakimuuliza anatabasamu, anatazama mbali, anasema, "Mambo mengine wazee wetu ndio wanajua." Mnamwona? Uongo mwingine hauhitaji mdomo.

Sesilia alishangaa kama wengine, ila mshangao wake haukumtuliza, ulimnyima usingizi. Ilikuwa dawa ya namna gani hii? Alianza kuichunguza kimyakimya, na nisiwafiche, aliifurahia kazi hiyo. Aligusa gari akiwa na ndala: kimya. Akavua ndala: sisimizi. Akasimama peku juu ya ubao wa kusukumia chapati: kimya tena. Akashuka kwenye udongo mkavu: kidogo. Akamwagia udongo maji, akasimama hapo: akaruka mwenyewe na kujishika mkono huku anacheka peke yake kama mwehu.

"Mama, unacheza na nani?" Noela akauliza.

"Nacheza na gari. Linauma ukiwa peku na chini kukiwa maji."

"Kwa nini?"

"Sijajua. Nikijua nitakwambia. Ila kuanzia leo hushuki humo bila viatu vyako vya mpira, umesikia?"

Siku nyingine mbuzi wa jirani alikuja kulamba ubavu wa Kobe. Ulimi ulipogusa bati, mbuzi alipaa, akatua, akakimbia bila kuangalia nyuma. Wachimbaji wakaangua kicheko. Sesilia hakucheka. Akamfuata mumewe.

"Baba Noela, mbuzi naye anatafuta dhahabu?"

"Unataka kusema nini?"

"Nataka kusema hivi. Ukichomoa ule waya, gari halitekenyi kabisa. Karasha likizimwa, halitekenyi. Samba gani hiyo inalala umeme ukilala?"

Masele akaweka kikombe chini. "Watu wanakuja. Wanakula. Mtoto wako anavaa. Wewe unataka kuchimba mpaka uitoboe riziki? Riziki haiulizwi maswali, Mama Noela."

"Na asiyeuliza hanalo ajifunzalo."

"Basi jifunze kunyamaza!"

Alikuwa hajawahi kumkaripia mbele ya watu. Sesilia alirudi kwenye chapati zake, macho yakimwasha, na akaziunguza tatu mfululizo. Lakini mchana alivuka mpaka banda la karasha, akamtafuta Deusdedit, fundi anayeangalia mitambo pale, akamweleza yote, pamoja na mbuzi.

Deusdedit alikunja uso. "Shemeji, gari likitekenya limeumwa. Umeme unavuja kwenye bati, na kuna waya wa kuurudisha ardhini ambao hapo kwako haufanyi kazi. Leo ni sisimizi. Kesho ni nyoka."

"Na kesho ikifika?"

Alimpeleka kwenye ukuta wa banda, akamwonyesha mkono mwekundu wa swichi kubwa. "Usimshike mtu aliyenaswa, hata awe mwanao, maana utanaswa naye. Njoo hapa. Shusha huu."

Deusdedit alikwenda kukiangalia kile kichwa cha bluu. Masele alimkuta amekiinamia, akamwambia kwa upole wenye miiba kwamba gari lake halijaita fundi. Fundi akaondoka. Na Sesilia akabaki na hofu moja tu, inayolala na kuamka naye: miguu ya Noela. Mtoto husahau viatu. Mtoto huruka tu.

Sasa sikilizeni vizuri.

Ilinyesha mvua ya asubuhi, ile nzito inayogeuza machimbo kuwa uji. Karasha lilizimwa. Masele alikuwa ametoka senta na maji, Noela amelala kwenye kitanda cha gari kwa mafua. Mvua ilipokatika, Masele alikichukua kichwa cha bluu akichomeke. Kikagoma. Akakisokota kulia na kushoto, akakirudisha nyuma kwa kamba, akakigonga kwa gogo mara hii kwa hasira, mpaka kikazama. Ule waya wa kijani na njano, wa kwenda ardhini, ulikuwa umeshachomoka kwenye skrubu yake. Kwa kile kipigo waya wa umeme wenyewe nao ukachomoka, ukalalia skrubu ile iliyoachwa wazi, inayoshikana na bati la gari. Bado hakukuwa na umeme, kwa hiyo hakuna kilichotokea.

Wachimbaji walikuwa wanasubiri kuingia kazini. Mwigulu akasogea peku kwenye matope, akaweka viganja viwili kwenye bati la Kobe.

"Mwangaluka, Mama Noela!" akaamkia kwa Kisukuma. "Leo imelala," akalalamika. "Hainitekenyi."

"Toa mikono, Mwigulu," Sesilia akasema kutoka kwenye jiko lake. "Nakuomba, shemeji. Toa."

"Acha nipate japo kidogo, duara letu linanidai bahati."

Kule bandani Deusdedit akapandisha swichi. Karasha likanguruma.

Mwigulu hakuruka. Hakupiga kelele. Mwili wake ulikakamaa, shingo ikarudi nyuma, meno yakaumana. Na wenzake, mkiniuliza nitawaambia ukweli huu unaniuma mpaka leo, wenzake wakashangilia.

"Imeingia! Leo imeingia yote!" Mmoja akapiga vigelegele. Wakapiga makofi. Mtu anakufa, anapigiwa makofi.

Sesilia peke yake ndiye aliyejua anachokiona. "Umeme! Huo ni umeme!" Masele alikuwa ameshaanza kukimbia, mikono mbele, kwenda kumvuta. "Baba Noela, usimguse! Usimguse!" Kulikuwa na kitu katika sauti ile kilichomsimamisha kama ukuta.

Kosa moja la Sesilia lilikuwa hili: badala ya kukimbilia swichi, alikimbilia waya, kwa kuwa ulikuwa karibu. Viatu vya mpira miguuni, akakishika kichwa cha plastiki, akavuta. Kigumu. Akavuta tena kwa uzito wake wote. Samli, unga wa jiwe na vipigo vya gogo vilikuwa vimekigandisha kama kilizaliwa pale.

Hapo ndipo mlango, hatua moja pembeni yake, ulipofunguka kikamilifu. Noela alisimama na macho ya usingizi, mkono mmoja umeshika nguzo ya chuma, miguu mitupu, kidole gumba kikining'inia juu ya matope.

Ndani ya gari alikuwa salama. Kwenye matope, akiwa ameshika chuma kile, asingekuwepo tena.

"Noela! Usishuke! Rudi kitandani!"

"Kwa nini, mama?"

Swali lilelile. Swali lake mwenyewe, lililotoka tumboni mwake.

"Nitakwambia!"

Mtoto alimtazama. Kisha akarudisha mguu, akageuka, akapanda kitandani, akakaa.

Sesilia akakimbia. Aliteleza, akaanguka, akainuka na tope mpaka kwenye meno, akafika bandani, akaushika ule mkono mwekundu, akaushusha kwa mikono miwili. Karasha likalia, likapungua, likanyamaza. Kimya kilipoingia, kilisikika kishindo cha Mwigulu kuanguka.

Alikuwa hai. Deusdedit, aliyekuja mbio kutoka bandani, alimkandamiza kifua mpaka akakohoa, wakampakia kwenye bajaji, Masele amemkumbatia kama ndama, analia bila kujificha. Hospitali waliokoa maisha yake na mkono wa kushoto. Kwenye mkono wa kulia walikata vidole viwili. Mwigulu hakurudi tena duarani.

Jioni ile Deusdedit alikifungua kichwa cha bluu juu ya meza ya chapati. Ndani kulikuwa na tope la samli lenye harufu ya kuungua, ule waya wa kijani na njano umechomoka, na wa umeme umelala mahali pake. Masele aliuinua ule wa kijani na njano kwa ncha ya kidole.

"Kwa nini ulichomoka?" akauliza kwa sauti ndogo.

Sesilia aligeuka kumtazama. Miaka yote ya ndoa, hilo lilikuwa swali la kwanza la namna hiyo kutoka kinywani mwa mumewe. Deusdedit alimjibu: ulivutwa. Kila ulipovuta kwa kamba, huu ndio uliobeba mzigo. Na ule ugumu wa mwanzo haukuwa ubaya wote, maana meno ya umeme hutakiwa kubana. Yakilegea yanachemka na kuungua. Ugumu wa uchafu ndio wa kusafishwa, kwa brashi kavu na dawa yake ya kupulizia, umeme ukiwa umezimwa.

"Yule mzungu aliniambia," Masele akasema. "Aliniambia yote. Nikasema naelewa."

Asubuhi yake alisimama mbele ya wachimbaji, kando ya Kobe, akawaambia kwamba gari halikuwa na dawa, lilikuwa bovu, na yeye alijua kuna kitu akanyamaza kwa kuwa kilimpendeza. Wengine walimtukana, na ilikuwa haki yao. Wengine waliondoka wakinong'ona kwamba mwanamke ameiua samba kwa maswali yake. Hao wapo mpaka leo, na dawa yao siijui.

Usiku ule wa tukio, kabla ya kulala, Noela alikuwa amemvuta mama yake kanga.

"Mama, ulisema utaniambia."

Sesilia akakaa kitandani, na tope likiwa bado kwenye nywele, akamwambia. Alimwambia kuhusu umeme unaotafuta njia ya kwenda ardhini, na kwamba miguu mitupu juu ya maji ni njia. Mtoto aliuliza mengine mengi. Yote yakajibiwa, mpaka katikati ya jibu moja mama akaanza kulia, akamkumbatia mtoto asiyejua mama analilia nini.

Mafunzo ya kubeba nyumbani

Jamaa zangu, kitu kinachokushangaza usikiite dawa kabla hakijakupa sababu. Gari likitekenya, ukuta ukitekenya, bomba likitekenya, zima umeme na umwite fundi, na aliyenaswa usimguse kabla umeme haujazimwa. Plagi ikigoma, iulize kwanza inagomea nini. Usiivute kwa waya, usiipake mafuta ya jikoni, usiipige gogo. Nguvu iliyookoa ndama jana inaweza kuua mtu leo, na si aibu kwa bingwa kuanza upya kama mwanafunzi. Na wewe unayejua kwamba watu wanaamini uongo unaokunufaisha, kunyamaza kwako ni kusema.

Lakini la mwisho ndilo ninaloliomba mlikumbuke hata mkisahau mengine yote. Wajibuni watoto wenu. Noela alirudi kitandani kwa neno moja, "nitakwambia", kwa sababu neno hilo lilikuwa halijawahi kumdanganya.